Miche 62 ya Daktari Hindorf na Dari za Mwanakwerekwe

Kwenye kitabu cha historia cha sekondari Dk. Richard Hindorf anapata sentensi moja tu: alileta mkonge Tanganyika mwaka 1893. Basi. Wengi wetu tuliikariri, tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama yetu moja, tukaendelea na pamba na kahawa. Mimi nasomea ualimu, na mwaka huu kwenye mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya hapa Mwanakwerekwe, nilipangiwa mada ya kilimo cha wakoloni. Nikajiuliza sentensi moja nitaifundisha vipi kwa dakika arobaini. Ndipo nikaanza kumtafuta huyu bwana.

Kwanza nchi yenyewe haikuitwa Tanganyika wakati ule. Jina hilo walilitoa Waingereza mwaka 1920. Hindorf alipofika ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wino wa mikataba yake ulikuwa haujakauka vizuri.

Alizaliwa mwaka 1863 Ruhrort, mji wa bandari kwenye Mto Rhine, mahali pa makaa ya mawe na mashua za mizigo. Hapa kwetu mwaka huo alikuwa anatawala Sayyid Majid. Napenda kufikiri kwamba mtoto aliyekulia bandarini anaijua thamani ya kamba mapema, lakini hilo ni langu mimi, si la historia. La hakika ni kwamba alisomea kilimo mpaka akapata udaktari, na miaka ya mwanzo ya 1890 akaja pwani yetu akiwa mtaalamu wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki.

Kampuni hiyo hatuwezi kuipita hivi hivi, maana inatugusa sisi wa visiwani. Mwaka 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha ukanda wa pwani ya bara, iutawale na kukusanya ushuru kwa jina lake. Watu wa pwani walikataa. Upinzani uliripuka Pangani mwaka huohuo, na kiongozi wake mkubwa, Abushiri bin Salim, akanyongwa hapohapo Pangani Disemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaununua ukanda wote kwa marki milioni 4, zikalipwa kwa Sultani. Kwa hiyo Hindorf anapoonekana akitembea na daftari lake kwenye mashamba ya Pangani, ng'ambo ya bahari, kaskazini magharibi ya Nungwi, ni miaka mitatu au minne tu tangu kamba ya Abushiri. Kitabu chetu kinaviweka vitu hivi viwili katika sura mbali mbali, kama kwamba vimetokea katika nchi mbili.

Kampuni ilikuwa na tatizo. Ardhi ilikuwa nayo, mazao hayakubali. Kahawa waliipandisha milima ya Usambara wakiiwekea matumaini makubwa. Chini, karibu na pwani, walijaribu tumbaku, na kwenye shamba lao la Kikogwe, karibu na Pangani, walijaribu pamba. Pwani ile ina majira ya mvua na majira ya ukame, na mmea unaotaka kudekezwa haukai. Kazi ya Hindorf ilikuwa kutafuta zao litakalovumilia.

Na hapa ndipo ninapompa sifa yake, moja tu lakini ni kubwa: alikuwa msomaji. Bustani ya Kew ya London ilikuwa ikitoa jarida lake la habari za mimea, na ndani yake Hindorf akasoma kuhusu mimea ya nyuzi ya rasi ya Yucatan, Mexico. Mmea wenye majani magumu kama mapanga, unaoota kwenye mawe na jua kali. Dunia ilikuwa inaulilia. Marekani wakati ule walikuwa na mashine mpya inayovuna ngano na kuifunga mabua yake matita matita papo hapo shambani, na kila tita linataka uzi. Uzi huo ulitoka Yucatan, na matajiri wa huko walijenga majumba kwa pesa za uzi wa kufungia mabua. Likumbukeni hili la mabua, nitalirudia.

Wenye mali yao hawakutaka mmea utoke nje, na kuupata Mexico ilikuwa shida. Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma. Miaka ya 1830 daktari mmoja Mmarekani, Henry Perrine, aliyekuwa konseli wa nchi yake kule Campeche, alikuwa amepeleka mimea hiyo Florida. Mwenyewe aliuawa mwaka 1840 kisiwani Indian Key katika vita vya Waseminole, lakini mikonge yake iliendelea kuota bila ya mtu. Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida.

Mnaijua hadithi ya mamba? Kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa ili ipite forodhani? Kila Mtanzania aliyewahi kufundishwa mkonge anaipenda, na mimi niliwasimulia wanafunzi wangu kwa sababu inaamsha darasa baada ya saa sita. Nikawaambia pia kwamba ni hadithi. Safari yenyewe inatosha kuwa kisa bila mamba. Miche ilivuka Atlantiki mpaka Hamburg, na kati ya ile 1,000 ilifika hai kama 200. Ikapandishwa meli nyingine ije Afrika Mashariki. Ilipofika pwani yetu mwaka 1893 ilikuwa hai 62.

Sitini na mbili. Gari moja la Mwanakwerekwe asubuhi, tukibanwa na konda, linakaribia kuchukua idadi hiyo. Ikapandwa Kikogwe.

Mkonge una tabia yake. Unakaa miaka mingi ukitoa majani tu, kisha siku moja unasukuma mlingoti mrefu kwenda juu, mita tano au sita, unatoa maua mara moja katika uhai wake, halafu unakufa. Lakini kabla haujafa, kwenye matawi ya mlingoti huota vitoto vidogo vilivyokwisha kuwa na majani yao, mamia kwa mamia, vinaanguka chini tayari kwa kupandwa. Pembeni ya shina nako hutoa machipukizi. Kwa hiyo ile 62 haikubaki 62. Mwaka 1898 Kikogwe ilikuwa imefika miche 63,000. Mwaka 1900 katani ya kwanza ikasafirishwa Ulaya, na 1913, mwaka mmoja kabla ya vita, ilitoka zaidi ya tani 20,000. Wakati huo Waingereza wa Kenya nao walikwisha kuupata, wakaupanda upande wa Thika.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vyetu vinaliruka, nami nadhani ndilo linaloeleza yote. Jani la mkonge likishakatwa linatakiwa lipite kwenye mashine ndani ya siku moja au mbili. Likichelewa, utomvu unakauka, nyuzi hazitoki safi. Kwa hiyo kiwanda lazima kiwe shambani. Kiwanda kinataka maji mengi ya kuoshea, kinataka reli ndogo ya kubebea majani, kinataka mtaji, na kikishajengwa kinataka kulishwa kila siku. Mkulima mwenye eka mbili hawezi. Mashine ile kubwa ya kusagia majani ilikuja na jina la Kijerumani, Corona, na wafanyakazi wakaiita korona, jina ambalo mpaka leo Tanga na Morogoro maana yake ni kiwanda cha mkonge, miaka mingi kabla ya ugonjwa kutuharibia neno.

Korona ikishadai kulishwa kila siku, inadai watu. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba, na njia mojawapo ya kuipata pesa ya kodi ilikuwa kwenda mashambani. Ukafuata mtindo wa kipande: mtu anapewa kadi, na kila siku anayomaliza kazi aliyopimiwa inatiwa alama, mpaka alama zitimie 30 ndipo alipwe mshahara wa mwezi. Siku usiyomaliza haihesabiwi. Baadaye, chini ya Waingereza, wakaja manamba, watu walioandikishwa mbali huko, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengine, wakasafirishwa hadi mashambani wakiitwa kwa namba zao. Miba ya ncha ya jani la mkonge inatoboa ngozi ya ng'ombe, na wakataji walilipwa kwa idadi ya matita. Hindorf hakuubuni kila mtindo huu. Lakini zao alilolichagua lilitaka shamba kubwa, na shamba kubwa katika nchi iliyotekwa lilipatikana kwa namna hiyo. Huwezi kumsifu kwa tani 20,000 halafu ukamsahau mwenye kipande.

Vita vya kwanza vya dunia viliwaondoa Wajerumani. Mashamba yakachukuliwa kama mali ya adui, yakauzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi, wakiwemo kina Karimjee Jivanjee, familia iliyoanzia biashara yake hapahapa Unguja. Sehemu ya faida ya Kikogwe kwa namna fulani ilirudi kutembea kwenye barabara zetu za Mji Mkongwe.

Hindorf mwenyewe aliishi sana. Aliziona vita mbili zikiimaliza nchi yake, akafa Berlin mwaka 1954 akiwa na miaka 90, mji umegawanywa na bado unaokota matofali yake. Mwaka huohuo TANU ilianzishwa Dar es Salaam. Katani ilikuwa ndiyo dhahabu ya Tanganyika, na nchi iliongoza dunia kwa zao hilo. Mwaka 1964 ilitoa kama tani 230,000, na haijafika hapo tena. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilikwisha kugundua uzi wa plastiki, rahisi na haugugunwi na panya. Bei ikaporomoka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa yakiwa tayari yanaumwa.

Sasa mnisikilize wenzangu wa sayansi, maana hapa naingia kwenye eneo lenu. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4. Zilizobaki, maji na nyama ya jani, zilikuwa zikimwagwa, mara nyingi mtoni. Kwa muda mrefu sana biashara yote ilikuwa kuchukua ile asilimia 4, kuifunga robota, na kuipakia meli. Kamba, gunia na zulia vilitengenezwa kwingine. Mwaka 2008 pale Hale, Tanga, walianza kuyatumia mabaki kuzalisha gesi na umeme, na hiyo ni hatua. Lakini fikra ya Hindorf, kwamba nyuzi ni shehena ya kuondoka, imetukaa vichwani kuliko tunavyojua. Ndiyo maana tunaimba kwamba mkonge ulikufa pale kamba ilipokufa.

Haukufa, na ushahidi uko juu ya vichwa vyetu. Tembeeni Mwanakwerekwe, kwenye karakana za nyuma nyuma wanakotengeneza dari na mapambo ya jasi, ambayo mafundi wote wanaiita jipsamu. Nilikwenda kwa fundi mmoja mara tatu, mara ya tatu nikapewa kazi ya kushika ndoo. Unga wa jasi unachanganywa na maji mpaka uwe kama uji wa kunywa. Unamiminwa safu ya kwanza ndani ya kalibu, nyembamba, ndiyo itakayoonekana sebuleni. Kabla haijashika, fundi anachukua fungu la katani, analichambua kwa vidole mpaka liwe kama wavu wa nywele, analitandaza kwenda kila upande, analizamisha kwa safu ya pili. Dakika chache tu, maana jasi haimsubiri mtu. Inatoka bodi nyepesi, ngumu, nyeupe. Jasi peke yake inahimili kubanwa lakini haihimili kuvutwa. Nyuzi ndizo zinazohimili kuvutwa. Fundi hakusema hivyo kwa maneno ya darasani, alisema kwa kunipa kipande kisicho na katani nikivunje, nikakivunja kwa dole gumba.

Mtaa huohuo, mafundi seremala wanakata kabati na vitanda kutoka bodi za MDF zinazokuja kwa kontena. MDF ni nini? Ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikapakwa gundi, zikabanwa kwa joto. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Na nyuzi si lazima ziwe za mti. Marekani walianza kutengeneza bodi za makapi ya miwa karne iliyopita, kule Louisiana. Sweden, miaka ya 1930, waligundua kwamba mabua ya ngano yakibanwa kwa joto kali hushikana yenyewe bila gundi, yakavikwa karatasi pande mbili yakawa ukuta, na Waingereza wakaichukua kazi hiyo baada ya vita vya pili. Ndiyo mabua yale yale yaliyokuwa yakifungwa kwa uzi wa mkonge! Karibu yetu, Kigali, kimejengwa kiwanda cha paneli za mabua ya ngano.

Kwetu mabua ya mpunga yapo Cheju, Kibokwa na Bumbwisudi. Mengine yanaliwa na ng'ombe, mengine yanachomwa. Nisiwadanganye kwamba ni rahisi. Bua la mpunga lina nta kwa nje, gundi ya kawaida ya mbao haishiki vizuri, na lina mchanga wake wa asili unaokula meno ya misumeno. Makumbi ya nazi yana bahati zaidi. Watafiti wa Uholanzi wameonesha kwamba kumbi zima likisagwa na kubanwa kwa joto linajigandisha kwa utomvu wake lenyewe, likawa bodi ngumu bila ya ile gundi inayowasha macho ukiingia duka la fanicha. Kina mama wa Paje na Jambiani wanayafukia makumbi ufukweni miezi kadhaa, wanayafukua, wanayaponda, wanasokota usumba. Ujuzi wa nyuzi kwao ni wa mikono na wa zamani kuliko wa Kikogwe. Aliyesoma kuhusu joto na utomvu hajakaa nao mkekani, na wao hawajaletewa karatasi yake. Hindorf alikuwa na kitu hicho: karatasi ya London mkono mmoja, udongo wa Pangani mkono wa pili. Hakuwauliza watu wa Pangani. Mtu wa leo akitoka chuoni kwetu hana sababu ya kutowauliza wa Paje.

Nilimuuliza fundi katani yake inatoka wapi. Tanga, inavushwa kwa chombo, anainunua kwa kilo, na ikikosekana kazi inasimama, kwa sababu alishajaribu nyuzi za plastiki zinateleza, jasi haizishiki. Kisha akaniletea bodi ya dari iliyoanguka kutoka ngazini siku iliyopita. Jasi ilikuwa imekatika vipande vinne, mstari wa ufa unaonekana wazi mbele na nyuma. Akaiinua kwa pembe moja. Hakuna kipande kilichodondoka, vyote vinne vilining'inia kwenye nyuzi.